Boriti Yenye Masizi

Ijumaa, 5 Julai

Ni mimi. Sijamwambia mtu, hata Mama. Mimi ndiye niliyempigia simu mkaguzi wa majengo wa halmashauri. Nilijifungia kwenye banda la kuku, jogoo akiwika katikati ya jina langu. Mimi, ninayeona haya hata kuagiza chai mkahawani!

Lakini Baba amevuka mpaka. Anataka bafu darini kwa ajili ya wageni wa wikendi kutoka London. Eti boriti kuu iko chini mno, watagonga vichwa. Basi anataka kuikata! Boriti iliyobeba paa letu miaka mia sita. Bado ina masizi ya enzi zile moto ulikokwa katikati ya sebule, kabla nyumba haijapata dohani. Ukiigusa hata leo, kidole kinatoka cheusi. Kila siku yangu ya kuzaliwa Bibi alinipandisha huko akanipaka masizi puani. Sasa Bibi hayupo, nyumba ni ya Baba, na Baba ana msumeno wa injini.

Sheria inakataza kukata chochote kwenye nyumba ya kale kama hii bila kibali. Anajua! Anacheka tu: "Nani atapanda darini kuchungulia, Hetty? Popo?"

Mkaguzi anakuja Jumanne.

Jumamosi, 6 Julai

Amekata! Si boriti yenyewe — mti wa mshazari unaoishikilia. Eti anaanza na mdogo. Vumbi jeusi lilimwagika kutoka darini mpaka kwenye siagi. Mama akafunika siagi. Basi! Akaniambia nimwache baba yangu, ana mawazo mengi.

Nikapanda. Kwa nje mwaloni ni mweusi tii, ndani rangi ya asali. Mbichi kama kidonda. Baba akapiga ngumi kwenye paa: "Limeanguka? Halijaanguka! Nyie wanawake mmerithi woga wa mama yangu."

Nilikuwa na jibu. Nikalimeza. Kama kawaida.

Jumapili, 7 Julai

Mlango wa chumba changu haufungiki. Jana asubuhi ulifungika! Nimeusukuma kwa bega, kwa goti. Fremu imepinda. Nyumba hii ni kama kikapu — kata ufito mmoja, kote kunalegea. Naandika nikiwa nimeuegemea mlango kwa mgongo.

Jumanne, 9 Julai

Mkaguzi amekuja. Mwanamke kijana, buti zina matope, tochi mkononi. Huko juu alimulika kila kiungo. Aliposhuka alimwambia Baba asiguse tena chochote, na kwamba jambo hili linaweza kufika mahakamani. Hakunitazama hata mara moja. Nikamshukuru kimoyomoyo.

Baba akaiva uso. "Nani kakwambia?"

"Siruhusiwi kusema, Bwana Mayhew."

Basi akaamua mwenyewe: Bi Pettit, jirani wa ng'ambo ya barabara. Kwa sababu mwaka jana alilalamikia jogoo wetu! Hakungoja hata gari la mkaguzi liondoke.

Dirisha langu liko wazi. Nasikia yote.

"Mbea wewe! Macho ya kusomea huna, ya kuchungulia kwangu unayo!"

"Clive Mayhew, nilikubadilisha nepi! Ningetaka kukusema ningekusema usoni, kama nilivyomsema huyo jogoo wako mshenzi!"

Kisha Baba akamwambia Alhamisi atafute mwingine wa kumpeleka hospitali.

Alhamisi Bi Pettit anapasuliwa jicho. Ameingoja siku hiyo tangu majira ya baridi. Hana mwingine, na basi halipiti kijijini kwetu. Amesimama na aproni yake, ameshika geti.

Nina hasira na Baba mpaka meno yananiuma. Na nina hasira na huyu anayekaa hapa kuandika badala ya kushuka ngazi!

Mama yuko kwenye korido. Namwona vizuri, mlango hauzibi kitu. Anavitazama vidole vyangu. Asubuhi nilipanda tena darini. Vyote vyeusi, ukurasa huu umechafuka.

"Hetty," anasema polepole. "Hetty, mwanangu, ni wewe?"

Wewe daftari, nyamaza. Usimwambie hata yeye. Nifichie — mpaka nitakapofungua mdomo mwenyewe.