Ile Haiko Dawa, Iko Miti Tu

Alhamisi. Mvua haijakatika tangu asubuhi, barabara ya Mpofi imekuwa tope tupu, na mimi siwezi kutulia. Naketi, nasimama, nachungulia dirishani, narudi kuketi.

Ni kwa sababu ya Mama Sifa.

Aliletwa kwenye kituo chetu cha afya juma lililopita, macho yamegeuka manjano, mkojo mweusi kama chai kali, hawezi hata kumeza bugali. Huyu ni mwanamke anayebeba mizigo mgongoni mpaka machimbo ya Omate. Hakuzoea kulala mchana. Nilimuuliza kama kuna dawa aliyokunywa, akasema hapana. Kesho yake nikauliza tena, akasema hapana. Nikapima malaria, nikafikiria maambukizi ya ini, nikamtundikia seramu, maji ya mshipani. Akazidi kulegea.

Kisha nikaingia chumbani na kumkuta wifi yake, Noella, amemwinua kichwa, anamnywesha kitu cha kahawia kutoka kwenye chupa. Nikamshika mkono.

Mama Sifa alinitazama kama mtu aliyeonewa.

"Dokta, uliniuliza dawa. Ile haiko dawa. Iko miti tu."

Hakunidanganya. Swali langu ndilo lililokuwa bovu.

Amekuwa akiinywa tangu msimu wa kupanda maharagi, kwa ajili ya mgongo, na anasema imemsaidia. Waliinunua kwa muuzaji anayezunguka masoko. Chupa haina jina wala maelezo yoyote. Sijui ni mmea gani, sijui wamechanganya na nini. Sina hakika hata kama ndiyo iliyomuumiza. Nilimwomba aiache, na Noella akanikabidhi chupa shingo upande.

Jana nilipanda kilimani kutafuta mtandao, nikampigia Kambale, niliyesoma naye, ambaye sasa ni daktari upande wa Masisi. Nilitaka kujua nimjulishe nani. Akacheka kidogo. Vidonge vikimdhuru mtu, alisema, kuna rapoti ya kujaza.

"Lakini ya miti, kaka, nani anaandikaka ile?"

Halafu kicheko kikamwisha. Akaniambia naye alikuwa na mgonjwa wa mafigo aliyekunywa miti, na hakumwambia mtu yeyote. Hakujua kama kuna wa kumwambia.

Nikamuuliza na mkuu wetu wa kazi. Alidhani rapoti ya vidonge inafaa pia kwa miti, ila hakumbuki kama amewahi kupokea hata moja.

Basi tuko wangapi, kila mmoja na mgonjwa wake, kila mmoja amenyamaza? Chuoni tuliambiwa tuwakataze watu dawa za kienyeji. Tumewakataza vizuri sana. Sasa hawatuambii.

Leo macho ya Mama Sifa yameanza kusafika, na amekula viazi. Nilifurahi mpaka aliponiuliza nitamrudishia lini chupa yake.

"Mugongo iko inaniuma tena. Wewe utanipa nini?"

Vidonge vya maumivu naogopa kumpa, ini lake bado halijapona. Nikamwambia apumzike, asibebe mizigo. Akageukia ukuta. Hilo limenichoma, kwa sababu sote wawili tunajua nani analisha nyumba ile.

Nimejaza rapoti. Penye jina la dawa nimeandika: miti, haijulikani.

Noella anasema muuzaji sasa yuko Ntoto, na kwamba watu wanamngoja kwa hamu. Kesho nitatafuta pikipiki niende, mvua ikubali ao ikatae. Siendi kumfukuza. Nataka aniambie anachemsha nini, na ni nani wengine wanaokunywa.

Na akikataa kunijibu, nitawaambia nini wale waliopanga mstari mbele yake, ambao macho yao bado ni meupe?