Firigisi ya Mzee wa Kukodiwa

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu nikiwa hapa Ruiru. Goti lako linaendeleaje na hii baridi? Na baba, kifua kimeacha kumsumbua? Mimi mwili ni mzima, na kiwandani bado nashona mifuko ya suruali. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu baba akishika simu lazima aweke spika, na haya ni yako kwanza.

Mama, wale wageni hawatarudi.

Unajua nilivyomwambia Mwaura tangu mwanzo: mpaka watu wako waketi sebuleni kwa baba yangu, usiniguse. Akakubali, akawaleta wale wazee. Ukawachinjia jogoo wako mwekundu, na firigisi, ambayo kwetu haipewi mtu ovyo, baba akamkabidhi mzee wa kofia, eti ndiye baba mkubwa wa Mwaura. Kikikuyu hatukijui, Mwaura ndiye aliyekuwa akitafsiri, kwa hiyo hakuna aliyewachimba kuhusu ukoo. Wangekuwa Waluhya wenzetu, baba angewahoji mpaka babu wa babu yao! Tuliporudi huku nikalala kwa Mwaura kama mke, bila wasiwasi wowote.

Juzi nikamkuta yule mzee wa kofia huko Mwiki, anashona viatu kando ya barabara. Nikamsalimu kwa mikono miwili, nikamwita baba. Akainamisha kichwa.

"Mami, mimi si mtu wa Mwaura," akasema, kumbe Kiswahili anakijua. "Tulichukuliwa kazi ya siku moja tu. Nilidhani unajua. Bibi yake ako Murera na watoto."

Nikageuka nikarudi nyumbani, Mama. Mpaka leo najiona mchafu, naoga na bado.

Jirani yangu Mama Wangari akanishika mkono tukaenda kituo cha polisi. Afisa alikuwa mpole, nisimsingizie.

"Alikulazimisha?"

"Hapana."

"Alijifanya mtu mwingine gizani? Ama alikwambia ni matibabu?"

"Hapana. Nilijua ni yeye. Lakini nilikubali kwa sababu ya wale wazee!"

"Hapo ndio shida, dada. Ulikubali. Sheria inataka uongo wa aina hiyo niliyouliza; uongo wa ndoa siwezi kuandika ni ubakaji."

Mama Wangari akawaka. "Ngai! Na angemdanganya achukue simu yake?"

"Hiyo ni kesi. Mali ya mtu kwa uongo, hata kuku, hiyo naandika."

Nikamwambia hata kuku wa mama yangu walimla. Akachukua kalamu, akauliza kama mwenye kuku anaweza kuja kushuhudia.

Labda sheria iko sawa, sijui. Wakifunga kila mwanamume mwongo, nani atabaki nje? Lakini yule niliyemkubali hayuko popote, Mama, na aliyelala nami sikumkubali. Nimeshindwa kumweleza mtu hilo akalielewa.

Najua baba anajenga zizi la ng'ombe wa mahari. Mzuie polepole, sijui kwa maneno gani. Nisalimie shangazi aliyenisuka siku ile, na kaka mdogo aliyewabebea wale wazee maji ya kunawa. Usiwaambie kitu bado.

Kalamu ya afisa bado inangoja, na mwenye kuku ni wewe. Nimwambie utakuja?

Ni mimi bintiyo,
Nafula