Mgeni wa Alhamisi

Jumatatu, 5 Juni 2023

Mwanangu Hanoki amerudi Johannesburg leo asubuhi. Ametuachia ruta mpya juu ya kabati la vyombo: kisanduku cheusi chenye taa za kijani. Anasema ndani yake mna ukuta wa moto. Nimeweka kiganja juu yake. Ni vuguvugu tu. Nilipomwarifu hivyo alicheka hata akakaa chini. Sikuona ubaya. Ni vyema mtoto aondoke kwao akiwa anacheka.

Kazi niliyokabidhiwa ni hii. Kifaa chochote kikiingia katika mtandao wa nyumba hii, simu yangu hutetemeka na jina la kifaa hutokea. Naweza kuona kimetembelea wapi na kimekula kiasi gani. Naweza pia kukifungia nje. "Usichokijua, baba, piga kufuli," amesema Hanoki. "Bando la mwezi uliopita liliisha tarehe kumi, na si wewe uliyelimaliza kwa kusoma matangazo ya vifo."

Waliomo ni wachache. Mimi. Dada yangu Edina, mjane, aliyehamia hapa kunitunza tangu mke wangu Esnati alipofariki. Binti yake, Takondwa. Na runinga.

Jioni niliona bila kukusudia kwamba simu ya Edina inatazama mapishi ya keki ya ndizi. Nilikwenda jikoni kumwomba radhi. Aliuliza radhi ya nini. Nikasema nimeona keki. Akailaza simu kifudifudi.

Alhamisi, 8 Juni

Baraza la wazee wa kanisa, kama kila Alhamisi. Tulikuwa katikati ya suala la paa la choo simu ilipotetemeka. Kifaa kisichojulikana kimeingia — nyumbani kwangu!

Sikutoka. Si adabu kutoka kabla ya sala ya kufunga, na anayefunga ni Mzee Chipojola, ambaye huwaombea hata mawaziri wa nchi jirani. Nilipofika nyumbani, kifaa kilikwisha kuondoka. Edina alikuwa akiosha vikombe viwili. Nikauliza kama kuna mtu amekuja. "Nani aje Zomba hii na manyunyu haya, kaka?"

Kifaa hakina jina, ni herufi na tarakimu tu. Nimeona haya kumwita mtu kwa tarakimu. Nimeandika: Mgeni.

Ijumaa, 9 Juni

Nimetafakari. Takondwa anaposwa. Mvulana anaitwa Funsani, mwalimu wa hesabu, umri wake miaka ishirini na saba. Wazee wake watakuja tarehe mosi Julai, na mimi, mjomba wa binti, ndimi nkhoswe wake, msemaji wa ukoo katika ndoa: nitaketi, nitasikiliza, nitajibu. Upande wao nkhoswe ni mjomba wa mvulana, Bambo Nazombe, mkaguzi mstaafu wa shule, mgane kama mimi, mtu wa kofia na maneno machache. Nimepata kumwona msibani tu. Hajawahi kuketi vibaya.

Sasa, kwa desturi, mvulana hakanyagi ua wa binti kabla ya wazee wake kuja kuomba. Na hapa kuna Mgeni anayeingia nisipokuwapo. Sihitaji kuambiwa ni nani.

Nilimuuliza Takondwa kwa upole anakuwa wapi siku za Alhamisi. Yuko mazoezini, kwaya, mpaka magharibi. Basi kijana huja kumngojea, humkosa, hunywa chai, huondoka. Ni kosa. Lakini nakiri ni mvumilivu.

Alhamisi, 15 Juni

Mgeni amekuja tena. Nisamehewe: nimetazama alikotembelea. Nilijiambia ni wajibu wa mlinzi. Nilivaa miwani, kwa hiyo siwezi kusema niliona kwa bahati mbaya.

Dawa ya maumivu ya magoti. Nyimbo za dini, za zamani, zile tulizofundishwa misheni. Kisha magoti tena: mazoezi ya kuinuka kitini bila kutoa sauti.

Miaka ishirini na saba!

Jumamosi, 17 Juni

Nimezungumza na Takondwa wakati akichambua mbaazi za nandolo barazani. Nilianza mbali. Nilisema afya ni neema. Nilisema ndoa ni safari ndefu, na safari huhitaji miguu. Aliacha kuchambua.

"Mjomba, sema tu."

Nikauliza kama Funsani ana tatizo lolote la magoti.

"Anacheza mpira kila Jumamosi. Namba saba. Hata sasa hivi yuko uwanjani."

Maskini, anajificha. Nilimwambia kwamba mtu anayejikaza hadharani anastahili heshima, ila pia anastahili kuchunguzwa. Alimwita mama yake aje asikilize. Edina alisema ana sufuria jikoni.

Alhamisi, 22 Juni

Leo Mgeni ametafuta namna ya kupaka mvi rangi nyeusi pasipo watu kutambua.

Magoti, na sasa mvi. Ni ugonjwa gani huu unaomzeesha kijana wa watu? Na je, unarithiwa? Nilifikiria watoto wa Takondwa wakizaliwa na vichwa vyeupe. Hapo hapo katika baraza la wazee, Mzee Chipojola akiwa bado anaomba, nilibonyeza kufuli. Mgeni alitoweka. Nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Chakula cha jioni: ugali wa nsima mbichi katikati, dagaa wa usipa bila chumvi. Edina aliuliza kama mtandao unaumwa. Nikasema la, mtandao ni mzima. Akasema basi labda ni binadamu wanaoumwa, akaondoa sahani yangu kabla sijamaliza.

Baadaye. Nimeshindwa kulala. Nimekumbuka kwamba Esnati hakuwahi kumtoa mtu uani kabla hajampa maji, hata mkopeshaji, hata yule aliyekuja kutuuzia dini nyingine. Nimefungua kufuli. Natumaini Mgeni, popote alipo, hakulichukulia kama dharau.

Jumapili, 25 Juni

Nimemjulisha Edina uamuzi wangu. Wazee wakija, nitawapokea kwa heshima, nitawapa chakula, kisha nitawarudisha. Sitatamka sababu hadharani. Lakini yeye ni mama wa binti, nikamtajia: magoti na mvi.

Nilidhani atashukuru. Alifuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Magoti yanatibika, kaka," akasema. "Na mvi si ugonjwa. Wewe unazo."

Nikamweleza kwamba zangu nimezifanyia kazi. Akasema kila mtu amezifanyia kazi zake, akaingia jikoni, na nikasikia analia. Kwa ajili ya magoti ya mkwe! Sijapata kuona mama mkwe mwenye huruma kiasi hicho.

Takondwa alikuwa mlangoni, amesikia yote. Hakupaza sauti. "Mjomba, nakuheshimu. Lakini ukiwarudisha, nitaondoka nao." Tangu hapo ananiwekea chai bila kunitazama. Nyumba imekuwa kubwa mno.

Jumamosi, 1 Julai

Naandika nikiwa chumbani, nimeketi kitandani na koti langu la kanisa. Wageni wako sebuleni. Nimewaomba radhi kwamba nakwenda kutafuta miwani. Miwani nimeivaa.

Walifika wanne. Funsani hayupo, kwa desturi haji, tena leo yuko Lilongwe kusahihisha mitihani. Bambo Nazombe alitangulia. Alivua kofia, na nywele zake zilikuwa nyeusi, nyeusi ajabu, kama kiatu cha sherehe. Alishika mikono ya kiti akajishusha polepole. Hakutoa sauti. Niliona ni kwa mazoezi.

Hata hapo sikuelewa. Nilikuwa narudia kichwani maneno yangu ya kuwakatalia.

Akaanza, vizuri sana, kama inavyopaswa. "Sisi ni wapita njia. Ua huu hatuujui, hatujawahi kuukanyaga. Jogoo wetu ametuambia kuna kuku hapa, nasi tumekuja kuuliza kwa wenye nyumba."

Simu yangu ikatetemeka kifuani.

Mgeni ameingia.

Nilitazama kioo cha simu. Nilimtazama yeye. Nilitazama tena kioo. Aliyemaliza kusema kwamba hajawahi kukanyaga hapa, simu yake ilikuwa imejitambulisha yenyewe, bila kuuliza nenosiri, kama mbwa anayeijua njia ya jikoni.

Edina akaingia na sinia la chai na keki ya ndizi. Alipiga magoti mbele ya kila mgeni na kumuuliza sukari kiasi gani. Alipofika kwa Bambo Nazombe hakuuliza. Aliweka vijiko vitatu, akakoroga, akamkabidhi kwa mikono miwili. Naye akamwambia asante akiitazama keki. Hapo ndipo nilipoaga kwenda kutafuta miwani.

Funsani, kijana wangu, nisamehe. Magoti yako ni mazima. Takondwa atajibiwa ndiyo, bila masharti, na nitamwomba radhi yeye pia, pamoja na mama yake, kwa nsima ile niliyoistahili.

Taabu yangu ni nyingine. Wamekwisha kusema lao, na sasa ni zamu yangu kuuliza. Kila nkhoswe huuliza vilevile. Nimeuliza mwenyewe katika nyumba nyingi, wala sijawahi kuogopa jibu. Na nkhoswe wa Edina ni nani? Ni mimi. Hana kaka mwingine.

Kupitia ukutani namsikia dada yangu anacheka. Tangu ahamie hapa sijamsikia akicheka hivyo, na mimi nilidhani ni mtu asiyependa kucheka.

Katika simu nimefungua pale pa majina. Nimefuta neno Mgeni. Sijui niandike nini mahali pake.

Takondwa anagonga. "Mjomba, wanasubiri swali lako."

Naam, nakuja. Nitaketi, nitakohoa, nitauliza kama desturi inavyotaka: Kuku wa ua huu si mmoja. Je, mnamtaka yupi?