Madaftari Tisa ya Anti Wanja

Anti Wanja,

Siku tuliyokuzika, sanduku lako la bati lilikuwa tupu. Naanzia hapo kwa sababu ndipo nilipoharibikiwa.

Tulirudi kutoka shambani kwa kaka yako, viatu vimejaa matope mekundu, nikafungua chumba chako. Kufuli lilikuwa zima. Nguo zilikuwa zimekunjwa jinsi ulivyozoea kuzikunja. Lakini chini ya blanketi la kijivu, mahali pa madaftari yako tisa, hapakuwa na kitu. Funguo zilikuwa mbili tu, moja yangu na nyingine ya Kwamboka wa chumba cha tatu. Na Kwamboka hakuja mazishini. Alisema mguu unamuuma.

Hapo hapo nikajua. Yaani, nilidhani nimejua.

Mheshimiwa, mbunge wetu, ndiye aliyeleta hema na viti. Alishika maikrofoni akasema ulikuwa mama mcha Mungu uliyeuza mitumba Sotik. Mitumba, Anti! Sisi wa Laini, ile safu ya vyumba nyuma ya baa, tukaangaliana. Kila mtu Sotik anajua vyumba hivyo ni vya kazi gani, na kila mtu anajua kwamba kwako kulikuwa tofauti. Kwako wanaume walikuja na gazeti kwapani. Walikunywa chai, ukawashinda mchezo wa drafti, ukawasahihisha Kiswahili na Kiingereza chao, na wengine waliondoka bila hata kukaa kitandani, wakashukuru. Mheshimiwa alikuja miaka mingi. Hotuba zilizompatia jina ziliandikwa mezani pako, na zilikuwa ndani ya yale madaftari, kwa mkono wako. Kwa hiyo alipokuwa akikusifu sikumsikiliza. Nilitazama macho yake, na baadaye, mbele ya sanduku tupu, nikajiuliza kama yalikuwa ya mtu aliyeshapata alichokuwa akitafuta.

Wiki iliyofuata, Kwamboka akaanza kazi kwenye duka la maziwa la Mheshimiwa. Mimi nikaunganisha. Nikaona anageuka akipokea simu. Nikaona anacheka haraka nikipita. Asubuhi moja nikamwambia pale bombani, mbele ya wanawake wote, "Umempa Mheshimiwa madaftari ya marehemu."

Aliweka mtungi chini. "Chepkemoi, mimi sijui kusoma. Ningejuaje ni gani ya kuiba?"

Hata jibu hilo nililishuku, lilikuwa zuri mno. Wanawake wakaacha kumsalimia. Mwezi haukuisha, akafunga vitu vyake akahamia Kaplong, na mimi nikasema, mnaona? Anakimbia.

Kisha akanipigia simu mwanamke nisiyemjua. Alisema anaitwa Nyambura, ni mwalimu Kericho, na wewe ni mama yake.

Miaka sita nimekupikia. Nimekusugua mgongo uliposhindwa kuinuka. Hukuwahi kutaja mtoto. Nikajua huyu ametumwa. Nilikataa kwenda kwake, nikamwambia tukutane hotelini, mchana, mahali penye watu, na nikakaa nikiutazama mlango. Alipoingia nilisimama bila kujua. Ana mwendo wako, Anti, ule wa kutanguliza bega moja.

Alitoa daftari kwenye mkoba akaliweka mezani. Mwandiko wako.

"Mama alinipa mwenyewe," akasema. "Yote tisa, kabla hajalazwa."

"Mbona hakuniambia?"

Alikoroga chai yake. "Alisema wewe hasa usijue."

Sikumuuliza kwa nini. Nilikuwa najua. Nadhani nilijua muda wote, ndiyo sababu nilimpigia Kwamboka kelele vile.

Ile siku ya kiangazi uliponituma kununua dawa dukani, Mheshimiwa alisimamisha gari kando yangu. Aliniuliza, kwa upole kabisa, "Huyo rafiki yetu bado anaandika?" Na mimi, kwa kuona fahari kwamba mtu mkubwa amesimama kwa ajili yangu, nikasema, "Kila siku! Hata hotuba zako zote ameziweka." Jumapili hiyo alikuja kwako, mlango ukafungwa, nikasikia sauti yako ikipanda. Hukuniambia kitu. Lakini tangu siku hiyo, nilipokusomea gazeti, hukunisahihisha tena. Nilisema "ile kitabu", nikangoja unipige kidole kwa biro kama kawaida, ukasema, "Sawa, endelea." Nilidhani ugonjwa umekuchosha.

Ungeniuliza tu, Anti. Ningekubali. Au labda ningekana. Sijui. Labda wewe ulijua.

Nilienda Kaplong. Kwamboka ana kibanda cha mboga sasa. Nilimwambia mbele ya wateja wake, kwa sauti ile ile ya bombani, kwamba hakuchukua kitu, kwamba nilimsingizia. Hakuacha kukata sukuma wiki.

"Nimesikia," akasema. "Sasa enda."

Nikaenda.

Nyambura anataka madaftari yawe kitabu, jina lako juu, na kila hotuba ionekane ilitoka wapi. Lakini mwandiko wako wa siku za maumivu unamshinda, na ni mimi niliyeuzoea. Kwa hiyo kila Jumamosi naenda kwake Kericho, nasoma kwa sauti, yeye anachapa. Hajawahi kuniacha peke yangu na madaftari. Akienda jikoni kuchukua maziwa anayabeba kwapani, yote. Sikasiriki. Ni mtoto wako.

Juzi Mheshimiwa alinisimamisha tena. "Yale maandishi ya rafiki yetu yaliishia wapi?" Nilimwamkia, nikamuuliza habari ya mama watoto, nikapita.

Tumefika daftari la nne. Nyambura ameniambia kwamba katika la tisa umeandika juu yangu, kurasa tatu. Hajanionyesha, na sijamwomba. Nikifumba macho nazitunga mwenyewe, na kila mara zinakuwa mbaya zaidi.

Pumzika, Anti. Siku tutakapofika hapo, nakuahidi nitazisoma kwa sauti, zote tatu, mbele ya mwanao, bila kuruka hata neno.

Wako,
Chepkemoi