Bati za Zahanati ya Kwetu

Izigo, Muleba,
Ijumaa, 13 Agosti 1976.

Mpendwa kaka Privatus,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako Joviana, nikiamini kwamba Mungu amekuamsha salama huko Nyanga, Bukoba, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa Pasaka kimepoa. Sisi huku tunapumua. Mawe, mama yetu, anakohoa kidogo asubuhi, kisha anashika jembe kama kawaida yake, na hakuna wa kumkataza. Kahawa tunaendelea kuianika. Wanafunzi wangu wa darasa la tatu bado wanakukumbuka ulivyoteleza na viatu vyako vya mjini mbele ya shule nzima, wanacheka hadi leo.

Ningependa barua iishie hapo, kaka. Lakini nina habari nzito, na kama umesimama, naomba ukae.

Nianze na zile bati ulizomletea baba yetu, Tata. Mzee wa watu alifurahi mpaka akawa hatulii. Mtu aliyezaliwa na kuzeekea chini ya nyasi, leo ana nyumba ya bati! Kila asubuhi alitoka nje akatazama juu, akasema mwanawe amesoma, mwanawe ana kazi serikalini, mwanawe hakumsahau. Mvua ilipoanza kunyesha alitunyamazisha wote, hata wageni, ili asikilize inavyogonga. Nilimcheka, lakini moyoni nilikuombea baraka.

Basi mwezi wa tano akafanya sherehe ya kuingia nyumba. Wewe ulituma udhuru kwamba una kikao. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa ya kutosha, na kijiji kizima kilikuja, pamoja na wale akina mama niliobeba nao mawe ya kujengea zahanati kichwani kabla ya kwenda shambani. Unaifahamu zahanati hiyo. Imejengwa kwenye kipande cha kibanja chetu cha migomba ambacho Tata mwenyewe alikimega, bila kuombwa mara mbili. Kuta zilikuwa zimesimama, bati tukaambiwa ziko njiani kutoka Bukoba, na siku zikapita.

Wakati wa kwebuga ulipofika, wanaume wakaanza kusimama mmoja mmoja mbele ya Tata, fimbo mkononi, kila mmoja akijisifia aliyoyatenda na kumwapia utii mwenye nyumba. Ndipo akainuka Datius, dereva wa ofisi yenu, aliyekuwa amealikwa kwa heshima yako. Alikuwa amekunywa, lakini hakulewa. Alirukaruka vizuri kuliko wenyeji, akanyoosha fimbo juu ya paa, akajisifu kwa sauti kuwa yeye ndiye aliyezipakia bati za zahanati, yeye ndiye aliyezivusha kwenye matope wakati malori mengine yamekwama, na yeye ndiye aliyemfunika mzee Rugaibula asinyeshewe tena. Maskini, alifikiri anatupamba. Mkubwa wake alimwambia apeleke mzigo nyumbani kwa mzee, akaupeleka, akaona fahari.

Vigelegele vilikatika. Halafu mtu mmoja akacheka, wengine wakadakia, kibuyu kikazungushwa tena, na ikawa kama hatukusikia. Kesho yake Tata aliniuliza kama mshahara wa mtu wa cheo chako unaweza kununua bati zote zile. Nikamjibu kwamba unaweza. Nilijibu haraka kwa sababu nakupenda, na yeye akaniamini kwa sababu anakupenda zaidi.

Mwezi wa sita Felicitas, mke wa Protase, alishikwa na uchungu. Muuguzi tuliyepangiwa alikuwa amekataa kuhamia kwetu, akisema dawa hazitunzwi chini ya mawingu, na nani angemlaumu? Wanaume wakambeba Felicitas kwenye machela kuelekea hospitali. Mtoto alifia njiani. Alikuwa wa kiume, kaka, nami nilikuwepo, ni mimi niliyemfunga kwenye kitenge changu. Protase hajatutamkia neno hata moja la lawama. Akikutana na Tata bado anainama na kumsalimu kwa mikono miwili. Afadhali angetutukana! Hilo ndilo lililoninyima raha.

Halmashauri ya kijiji ikaandika kuuliza habari za bati. Jibu la ofisi yenu lilisomwa Jumatano hii kwenye mkutano mkuu, na sahihi ilikuwa yako. Ulisema bati zilikabidhiwa kwa dereva, dereva akaziuza, na sasa yuko mahabusu. Yaani Datius! Jamani Privatus, mtu aliyekubebea mzigo ndiye unamtwisha na kosa? Mke wake alikuwa amekuja shuleni kwangu siku mbili kabla, mtoto mgongoni, akilia kwamba mumewe hajawahi kuiba hata ndizi.

Mwenyekiti, Mzee Lwakatare, akasema mwizi amekamatwa, basi tuombe bati nyingine na tufunge kikao. Akauliza kama kuna mwenye neno. Nilitazama uwanja mzima. Watu wote pale walimsikia Datius akijisifu, na wote walikuwa wameinamisha vichwa kwa kumstahi Tata, aliyeketi mbele kwenye kiti chake, amevaa koti lile ulilomnunulia. Waitu, ndugu yangu, heshima ile ilinitisha kuliko kelele. Nikaona kwamba kwa adabu yetu nzuri tutamwacha mtu afungwe, na Felicitas akishika mimba nyingine tutambeba tena kwenye machela.

Utaambiwa kwamba ni Lwakatare aliyekuchongea, au kwamba ni wivu wa majirani. Usiamini. Niliyesimama ni mimi. Nilisema Datius hakuuza kitu, nikasema bati ziko juu ya nyumba ya baba yangu, na nikalitaja jina lako, Privatus, mwana wa Rugaibula, mbele ya mkutano. Nililia, lakini nilimaliza. Wewe ndiwe uliyenifundisha ahadi za mwana TANU, kwamba nitasema kweli daima, tukiwa tunachunga mbuzi, ukinichapa nikikosea. Sasa niambie nilikosea wapi.

Tata aliondoka mkutanoni bila kunitazama. Nilijua amekwenda kunilaani. Nilipofika nyumbani nilimkuta juu ya paa, koti amelivua, anang'oa misumari. Mzee wa umri ule! Nilimsihi ashuke, akaniambia nishike ngazi niache kelele. Protase alikuja akapanda bila kuitwa, wakafanya kazi wawili mpaka bati zote zikawa chini. Sasa tunalala chini ya majani ya migomba na nyasi za kuazima. Jina lako Tata hajalitamka tangu siku hiyo, isipokuwa mara moja, alipomwambia Mawe asikutengee chakula katika nyumba hii mpaka umesimama mbele ya watu ukasema kwa mdomo wako.

Wajumbe wa kijiji wanaondoka Jumatatu kuja Bukoba kumtoa Datius, na Tata ndiye atakayewaongoza. Kinachofuata baada ya hapo unakijua kuliko mimi. Barua hii nampa Asha wa dukani, anakuja mjini na basi la kesho, akukabidhi mkononi. Hakuna aliyenituma. Nimekuandikia kwa sababu tumenyonya titi moja, na sitaki baba yetu awaonyeshe polisi mlango wako.

Kwa hiyo njoo, kaka. Jumapili baada ya misa watu wote watakuwa zahanati, wanapaua. Usianzie nyumbani. Shuka pale pale, uwaambie, kisha uombe nyundo. Wakikupa nyundo au wasikupe, siku ya pili uondoke na wajumbe kwa miguu yako, ukamfungulie Datius.

Mawe anakusalimu sana. Anauliza kama unakula vizuri, na kama una blanketi zito. Felicitas naye ananyanyuka sasa, anatembea hadi kisimani. Wasalimie jirani zako wa Nyanga, na Bwana akutie nguvu ya safari.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na ninayekungoja Jumapili,

Joviana Rugaibula