Mizizi ya Mke wa Mchina

Kilwa Kivinje, Mfunguo saba, 1323

Mdogo wangu Mastura,

Salamu nyingi zikufikie huko Unguja, wewe na shemeji. Mimi ni mzima kwa macho ya watu. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, na namshukuru marehemu baba aliyetufundisha, maana haya si ya kumwambia mwandishi. Hedhi yangu imekatika. Joto hunipanda kutoka kifuani mpaka utosini, kanga ikalowa chapa, kisha natetemeka kwa baridi. Usingizi sina. Juzi nimemfokea Likwata, yule Mmatumbi anayenilimia shamba, na kosa lake ni kuniamkia tu. Nimemwambia somo yangu Bi Tawakali peke yake, naye amenicheka. Nitafutie dawa huko, kabla sijagombana na mji mzima.

Dada yako,
Mwanaheri


Unguja, Mfunguo nane

Shikamoo dada,

Sisi hatujambo, ila namhurumia Likwata. Dawa nimepata. Yuko Mchina hapa anayenunua majongoo ya bahari, na mkewe ni mtu wa makamo yako. Amenipa mizizi, ambayo anasema wanawake wa kwao huinywa hedhi inapokatika. Nahodha Nassibu atakuletea. Ichemshe taratibu mpaka maji yabadilike rangi, uyachuje, uyatie chupani, unywe kikombe kila asubuhi. Harufu yake ni kali, usishtuke. Na ufanye kwa siri, waijua midomo ya mtaa wenu.

Mdogo wako,
Mastura


Kilwa Kivinje, Mfunguo tisa

Mdogo wangu,

Natumai nyote hamjambo. Dawa imenifaa, nalala mpaka alfajiri. Lakini sasa naona heri ningebaki na joto langu.

Utakuwa umesikia. Wamatumbi wameng'oa pamba ya Wadachi na vita vimewaka. Wana dawa yao ya maji, ati aliyeinywa risasi haimwingii. Na Bi Tawakali hakuweza kuuzuia mdomo wake. Amesema hedhi imenikatika na kwamba nachemsha dawa ya mbali kwa siri. Kwa watu wa Likwata, dawa kubwa haiguswi na mwanamke anayeona mwezi. Hutunzwa na aliyekoma.

Likwata akaja uani kwangu akapiga magoti. "Mama, tumejua umepewa maji. Tugawie, vijana wanaondoka."

Nikamwambia, "Ni dawa ya wanawake, Likwata. Ya joto la mwili."

"Wenye nayo hukataa kwanza," akasema, akamwaga mtama kizingitini pangu. Ndiyo hidaya wanayopelekewa wenye maji. Kesho yake nikakuta mwingine. Nikiuingiza ndani, nimekubali. Nikiutupa, nimewatukana watu wenye mikuki. Nimeuacha pale pale, na askari wanapita njia hiyo hiyo. Naogopa, Mastura.

Dada yako,
Mwanaheri


Unguja, Rajabu

Dada yangu,

Nisamehe, leo siulizi hata hali. Mwaga dawa. Vunja chupa. Mtama ufagie uutupe, waudhike wanaoudhika. Panda chombo cha Nassibu uje, chumba chako kipo. Mizizi nimeileta mimi.

Mdogo wako,
Mastura


Kilwa Kivinje, mwisho wa Rajabu

Mdogo wangu,

Barua yako imenikuta hai. Dawa nilikwisha kuimwaga, na joto likarudi, na hilo ndilo lililoniponza. Askari wa boma walikuja kupekua nyumba za mtaa. Nimesimama mbele yao likanipanda, jasho likanichuruzika mpaka shingoni. Mkubwa wao akaniuliza, "Mama, unaogopa nini?" Wallahi wakati ule sikuwa naogopa, lilikuwa joto tu. Basi wakapekua mpaka mvunguni. Chupa sikuivunja, ilikuwa ya marehemu mume wangu, na harufu haikutoka. Wameichukua. Mtama nao sikuthubutu kuutupa, ungalipo kizingitini. Ijumaa naitwa bomani mbele ya Mdachi na akida, na Nassibu hathubutu kunipakia.

Nitajitetea vipi? Nikinyamaza, chupa wanayo. Nikisema ni ya hedhi iliyokatika, akida ni mtu wa huku, anajua ni wanawake gani hutunza maji. Neno la kuniokoa ndilo litakaloninyonga, na nilitamke mbele ya wanaume. Kufa naogopa, na kusema naogopa. Niombee.

Dada yako,
Mwanaheri


Unguja, Shaabani

Dada yangu,

Ijumaa imepita, na nyingine zimeifuata. Nakuombea kila sala. Ulisema nini bomani? Niandikie, hata neno moja.

Mdogo wako,
Mastura


Unguja, Ramadhani

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Nassibu amerudi. Anasema mlango wako uko wazi na ndani hamna mtu. Bi Tawakali alipomwona alivuka njia asikutane naye. Wengine wamemwambia umenyongwa. Wengine wanasema Likwata na wenzake walikuchukua bara kabla ya Ijumaa, ukawatunzie maji. Sijui niombee lipi. Mvua za vuli zimenyesha huko, na mtama umeota kizingitini pako, umefika magotini.

Jana sokoni joto likanipanda mimi. Lilianza kifuani, kama ulivyoniandikia. Nikajifunika uso, nikatazama huku na huku kama kuna askari, na hapa ni Unguja. Mke wa Mchina ameniona, akanipa mizizi bila ya kumwomba. Sithubutu kuichemsha.

Barua hii Nassibu amekataa kuichukua. Nimeiweka sandukuni pamoja na mizizi, na ufunguo natembea nao.

Mdogo wako,
Mastura