Dakika Ishirini na Tatu Nyuma ya Tanki

Kinyala, Rungwe
9 Novemba 2025

Kwako Dada Beatrice,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Wilson na watoto, na kwamba ule mgongo wako umeacha ukorofi. Sisi huku hatujambo. Mvua zimeanza kwa fujo, migomba inapendeza, mume wangu Amoni anakusalimu, na mama mkwe anasema ndaga, asante, kwa vitenge ulivyomtumia. Godwin wa jirani anapanda basi kesho kuja huko Morogoro, naye ndiye atakayekukabidhi barua hii pamoja na mkungu wa ndizi. Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako unaiweka laudispika hata ukiwa saluni, na haya ninayotaka kusema si ya saluni.

Uliniuliza mashindano yaliishaje, nikakujibu pancha, ukanipa pole, tukahamia kwenye habari za harusi ya binti yako. Sasa naomba nianze upya.

Unajua nilivyojiandaa. Yale mashindano ya michezo mitatu yalikuwa ya umbali mrefu, na kwangu ndiyo ya kwanza: kuogelea ziwani Kisiba kilomita mbili kasoro kidogo, baiskeli kilomita tisini, halafu kukimbia ishirini na moja na kumalizia Ibighi. Kuogelea hakukunitisha, tumekulia ufukweni Matema. Baiskeli naipanda kila siku kwenda zahanati. Kilichoninyima raha ni pale katikati, unapotoka majini unatetemeka na inabidi uwe juu ya baiskeli kabla mwili haujajua kilichotokea. Wenzangu walisema watu wengi wa mara ya kwanza hupoteza muda hapo, wanatafuta soksi. Mimi nikasema soksi hazitanishinda, nimezalisha wanawake miaka kumi na nne. Trei ya kuzalishia unaipanga kwa mfuatano wa mkono, cha kwanza karibu, cha mwisho mbali, ili usitafute kitu mtoto akiwa njiani. Nikapanga vitu vyangu hivyohivyo juu ya taulo: helmeti imegeuzwa kichwa chini, ndani yake miwani, kisha mkanda wa namba, kisha viatu vimefunguliwa kamba, na poda imeshamwagwa ndani.

Nilifanyia mazoezi uani, jioni baada ya kazi. Mama mkwe alikaa na simu anahesabu sekunde, mimi nataja kwa sauti: helmeti, miwani, mkanda, viatu. Nilianza na dakika sita, nikafika dakika mbili na nusu. Shangazi zake Amoni walipolalamika kwamba mke wa mtu anarukaruka uani na nguo za kubana, baba yake Amoni alisema, na mama mkwe ndiye aliyenifikishia, kwamba niachwe nimalize nilichoanza. Wiki ile ile nikakuta nje ya jiko langu kibao kipya kifupi cha kukalia wakati wa kuvaa viatu. Hakuna aliyesema kimetoka wapi, na fundi seremala hapa nyumbani ni mzee mmoja tu.

Wewe uliyeolewa na watu wa huko unampa baba mkwe wako chai mkononi. Mimi miaka kumi na moja sijawahi kuonana na wangu uso kwa uso, na jina lake silitaji wala siliandiki. Akitaka kupita uani anakohoa kule migombani, nami naingia ndani. Siku hizi wengi wameacha, hata mchungaji anasema hakuna ubaya, lakini mzee ni wa zamani, nami nilikubali mwenyewe nilipoolewa. Sijawahi kuona tabu. Kuna watu wanaoishi nyumba moja na hawaheshimiani hata robo ya hivyo.

Basi, Jumamosi ya tarehe kumi na nane Oktoba. Niliamkia Masoko, juu ya ziwa Kisiba, nikapanga taulo langu kando ya baiskeli, nikateremka ziwani. Amoni alikuwa Ibighi na viatu vyangu vya kukimbilia. Saa moja kamili tukaingia majini. Sheria ilikuwa kwamba atakayekuwa hajaondoka na baiskeli ifikapo saa mbili na robo anatolewa mashindanoni. Nilitoka majini saa mbili kasoro dakika tano, nikapandisha kilima cha kurudi kwenye baiskeli nikiwa nimefurahi sana. Nilikuwa na muda wa kutosha kuvaa hata kama ningeamua kusuka nywele.

Nilipofika juu, saa mbili kasoro dakika mbili, nikamwona baba yake Amoni. Amesimama kando ya baiskeli yangu na suti yake ya kanisani.

Hakuna aliyejua kwamba angekuja. Alipanda bodaboda alfajiri peke yake. Mimi niko na nguo ya kuogelea, maji yananichuruzika, na yeye yuko hatua thelathini mbele yangu, kwa bahati ametazama upande mwingine. Nikajirusha nyuma ya tanki la maji. Nilidhani ataondoka baada ya dakika moja. Hakuondoka. Mshiriki mmoja alikuja mbio akaikwaa helmeti yangu, vitu vikatawanyika, na mzee akainama akavirudisha kimoja kimoja: helmeti kichwa chini, miwani ndani, mkanda, viatu. Hakukosea. Kumbe zile jioni zote alikuwa akisikiliza kutoka nyumbani kwake.

Msimamizi wa pale, binti mmoja anaitwa Sabrina ametoka Dar, alinifuata akaniuliza naumwa nini. Nikamweleza. Alinitazama kama mtu anayeweweseka kwa homa, akasema si nimpite tu huyo babu. Nikamwambia haiwezekani. Akasema basi atamtangaza kwenye kipaza sauti aondoke. Nikamshika mkono nikamwomba asithubutu. Utamwondoaje baba mkwe wako kwa kipaza sauti mbele ya umati, yeye aliyekuja kukulindia vitu? Nilitaka kumaliza mashindano yale kuliko kitu chochote mwaka huu, lakini hilo nisingeliweza.

Kwa hiyo nilichuchumaa nyuma ya tanki dakika ishirini na tatu. Kila dakika niliihesabu, ni kazi yangu kuhesabu. Saa mbili na robo ikaja, ikapita. Saa mbili na dakika ishirini na moja wakatangaza kwamba waogeleaji wote wameshatoka majini. Mzee akaitazama baiskeli yangu, bado ipo. Kisha akateremka kilima mbio, na magoti yale anayolalamikia, akaingia ziwani na viatu vyake mpaka maji yakamfika magotini, akasimama anatazama maji. Alidhani nimezama.

Sasa ndiyo sehemu ambayo sijamwambia mtu. Nilipofika kwenye baiskeli tairi lilikuwa zima, limejaa. Nililifungua valvu mwenyewe, nikatoa upepo wote. Kisha nikamwomba Sabrina atangaze kwamba namba arobaini na moja yuko salama, amekwamishwa na pancha. Nilitaka mzee asikie upesi, na asijue sababu. Nilijiona mwenye akili sana. Nimewadanganya wote kwa pancha hiyo: wewe, Amoni, wenzangu wa zahanati, hata mchungaji, aliyeniombea.

Matokeo yake yalianza wiki hiyo hiyo. Mama mkwe alinieleza kwamba mzee hali vizuri. Halafu akaanza kwenda Masoko, asubuhi anaondoka, jioni anarudi. Mama mkwe akasema bila shaka anatafuta huo mwiba ulionitoboa, kwa kuwa baiskeli iliharibikia mikononi mwake. Safari ya tatu alinyeshewa, akarudi na kikohozi, na kikohozi hicho si kile cha kunionya kwamba anapita. Ninakijua kikohozi cha mapafu nikikisikia, hata kupitia migombani. Nilituma dawa kwa mkono wa mama mkwe. Lakini usingizi sikupata, maana mzee wa miaka sabini na tatu alikuwa anajiua kwa ajili ya mwiba ambao haupo.

Juzi asubuhi alikuja kumkatia ng'ombe majani. Banda liko nyuma ya jiko langu, ukuta wa mabanzi tu katikati. Nilikuwa namenya ndizi, za kwanza ziko tayari motoni. Nikaanza kusema, nikiziambia ndizi, kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya kutosha. Nikaziambia kwamba hapakuwa na pancha. Kwamba mtu mmoja alijificha nyuma ya tanki, na upepo aliutoa mwenyewe, na kwamba mwiba usitafutwe tena. Kwamba huyo mtu anaomba radhi. Nikajikata kidole, nikaendelea kumenya.

Nilisikia panga likiwekwa chini. Halafu mzee akaanza kumwambia ng'ombe. Akamwambia kwamba tairi lile alilijaza upepo siku ile ile jioni, na mpaka leo halijapungua. Hakuna mwiba anaoutafuta. Anakwenda Masoko kutafuta pa kukaa, mahali ambapo mtu anaona majini lakini haoni baiskeli, ili mwaka ujao mtoto wake apite. Amepapata safari ya tatu.

Nililia dada, ndizi zikaungua.

Mashindano yajayo nimejiandikisha, usimwambie Amoni kabla sijamwambia mimi. Kikohozi kinaendelea vizuri. Msalimie shemeji, wabusu watoto, na mwambie bibi harusi tutakuja wote akipanga tarehe. Nakuombea afya na amani hapo nyumbani kwako.

Ni mimi mdogo wako,
Esnath